Halijagonga Kitu

Jumatatu, 24 Machi

Mjomba ameondoka jana na basi la asubuhi, kaniachia vitu viwili: daftari hili na siri. Daftari alinipa mbele ya watu wote. Siri alinipa juzi Jumamosi, uwanjani nyuma ya maghala ya zamani.

Niandike mara moja nisijizungushe. Nimegongesha gari la Baba.

Mjomba ndiye aliyenipa usukani. "Miaka kumi na sita hujawahi hata kuushika? Hamia huku." Uwanja wenyewe ni mtupu, kokoto kwa kokoto, hakuna cha kugonga isipokuwa ukingo mmoja wa zege wa mtaro uliokauka. Nikauona kwa mbali, nikaukazia macho nisije nikaugonga, nikaenda moja kwa moja nikaugonga. Tairi la mbele, kulia. Mlio wake niliusikia kwenye meno.

Mjomba akashuka, akazunguka, akalipiga tairi teke. "Hamna kitu. Hata rangi haijatoka. Hili tunalifukia hapa hapa, sawa? Baba yako akijua nimekuachia gari lake, katika nyumba ile sitaonjeshwa tena hata chai."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi ni bingwa wa kuitikia kwa kichwa. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na mimi nimefuzu kunyamaza kwa zote mbili.

Jumatano, 26 Machi

Jioni nilipima mayai peke yangu. Mama ndiye mwenye kuku, Baba ndiye anayeshusha mayai bekari kila Jumamosi, na kupima ilikuwa kazi ya Baba tangu sijazaliwa. Kuna kopo lenye tundu, ndani yake tochi. Unaliweka yai kwenye tundu, mwanga unapita, unaona kila kitu: tone la damu, ufa mwembamba kama unywele. Mwezi huu kanikabidhi mimi. "Macho yako bado mapya," alisema. Nilivimba kichwa siku tatu.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nilikuwa na mtihani wa majaribio, kwa hiyo Baba alikwenda bekari na mdogo wangu. Ana miaka sita. Tunamwita Kengele kwa sababu hakuna neno lililowahi kukaa kinywani mwake mpaka kesho.

Walirudi saa nane. Baba alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Gari linatetemeka," alimwambia Mama. "Nikifika themanini, usukani unacheza mikononi kama ungo. Halafu linavuta kushoto. Ukiliachia kidogo tu, linataka kwenda mtaroni."

"Umegonga nini?"

"Halijagonga kitu."

Nilikuwa naosha vyombo. Vilipokwisha nikavichukua vile vilivyokwisha kukauka kabatini, nikaviosha na vyenyewe. Kengele alikaa kwenye ngazi na pakiti nzima ya biskuti, kimya. Ningekuwa na akili ningeuona ukimya ule. Lakini nilikuwa nasikiliza wa kwangu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua zimeanza.

Jumanne, 1 Aprili

Gari letu limenizidi miaka sita. Ni la mgongo mrefu, trei za mayai hupangwa nyuma juu ya blanketi kuukuu, na chini ya kiti cha mbele kuna kitabu chake, kinene, kurasa zimejaa alama za vidole. Kimeandikwa kwa ile lugha nyingine ya shuleni. Baba hakusoma lugha hiyo. Leo alikileta mezani, akasogeza vikombe kwa kiganja.

"Nisomee, mwanangu. Sehemu ya usukani."

Alikaa upande wangu wa kulia, kageuza kichwa upandeupande, jicho moja kwangu. Siku hizi Baba anaangalia mambo kama kuku. Nilikaribia kucheka. Kisha nikaufikia ukurasa, na mstari wa kwanza kabisa ulisema hivi: kabla ya kufungua chochote, muulize dereva iwapo gari limegonga kitu hivi karibuni.

Niliuruka.

Naungama hapa kwa sababu hapa hakuna anayeniangalia. Nilisoma wa pili kana kwamba ndio wa kwanza: "Pima upepo wa matairi yote manne." Baba akakubali kwa kichwa, taratibu, kama mwanafunzi mzuri. Alinisikiliza kila neno. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisikiliza hivyo, na mimi namdanganya.

Alhamisi, 3 Aprili

Upepo uko sawa matairi yote.

Jumamosi, 5 Aprili

Tulipitia kwa fundi wa karibu na stendi, yule anayeitwa Chapchap. Ana redio kubwa kuliko jeki yake.

"Limegonga?" aliuliza huku tayari amechuchumaa.

"Halijagonga," alisema Baba.

Chapchap akayapa matairi balansi, akapachika vipande vya risasi kwenye rimu ili uzito uwe sawa, kisha akasema njia rahisi ni kuhamisha: ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele. "Mzee, usukani utalala kama mtoto aliyeshiba."

Na kweli. Tulifika themanini kwenye tambarare kabla ya Mteremko unaoshukia bekari, na usukani ulitulia kabisa. Baba alinitazama, akatabasamu. Tabasamu la kwanza tangu wiki jana.

Mimi sikutabasamu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuusikia mtetemo matakoni. Haukuondoka. Ulihama tu, kutoka mikononi mwa Baba ukaja chini ya kiti, nyuma, kule mayai yalipo. Na mkono wa kulia wa Baba bado ulikuwa umekaza, mshipa umetokea juu ya kidole gumba. Bado linavuta.

Bekari, mama anayepokea mayai alifungua trei ya kwanza, akafungua ya pili, akaacha kuniuliza habari za shule. Siku zote yanapasuka mawili, matatu. Leo kumi na tisa.

"Barabara mbaya," alisema Baba.

Barabara ni ile ile.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mwalimu aliniuliza swali, nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Alhamisi, 10 Aprili

Kengele alinikuta bombani.

"Dada, mimi najua gari liligonga."

Ndoo ilijaa, ikamwagika, mimi nimeshika bomba.

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo. Niliona."

"Uliona nini?"

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yametoka. "Siruhusiwi kusema."

Nilijaribu kukumbuka uwanja ule. Maghala, kokoto, ukuta uliobomoka. Anaweza kuwa alitufuata, ukuta ule unaficha hata mtu mzima. Nikaenda chumbani, nikachukua penseli zangu za rangi, zile kumi na mbili ambazo sijawahi kumwazima mtu, nikampa. Akazipokea kwa mshangao, kama mtu aliyelipwa mara mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Mteremko una kona saba. Leo katika kila kona nilisema moyoni: hapa ndipo nitasema. Kona ya saba ikapita.

Mayai ishirini na tatu.

Jumapili, 13 Aprili

Kitabu kinasema: kama gari linavuta, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto lije kulia. Kuvuta kukihama, kosa ni la tairi. Kukibaki pale pale, kosa liko ndani ya gari.

Tulifanya uani, chini ya turubai, mvua inatupigia makofi juu. Baba alifungua nati, mimi nikazipokea kwenye sketi. Alipapasa nati ya mwisho kushoto muda mrefu, spana inagonga pembeni, akaguna. "Mwanga mbaya," alisema. Mimi nilikuwa naiona vizuri.

Tukaenda mpaka njia panda na kurudi. Bado kushoto. Baba akanituma niguse rimu zote mbili za mbele kama mtu anayepima homa ya mtoto; breki ikikwama, rimu ya upande huo huchemka. Zilikuwa vuguvugu sawasawa.

"Basi kuna kitu kimepinda," nilisema. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

"Kitapindaje? Gari halijagonga kitu." Alisema kwa sauti ambayo hajawahi kunisemea. Mama alichungulia dirishani.

Nimewaza jioni nzima. Kuna jambo haliingii akilini. Mimi niligonga kulia. Mbona linavuta kushoto? Najiambia labda chuma ni kama mwili, unajikwaa huku maumivu yanapanda kule. Lakini najiambia hivyo kwa sauti ya mtu anayeruka mstari.

Alhamisi, 17 Aprili

Baba na Mama wamegombana juu ya trei. Baba anasema Mama anazipanga upande mmoja kwa sababu dirisha la kushoto linavuja. Mama akasema, "Miaka tisa nazipanga hivyo hivyo, leo ndiyo zimekuwa nzito?" Baba akatoka nje kwenye mvua bila koti.

Zamani nilidhani Baba anajua kila kitu. Halafu nikadhani anajua, ila mimi nimemfichia kitu kimoja. Sasa nimeanza kumwona mkaidi tu, na kumwona hivyo kunaniuma kuliko kuogopa.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama wa bekari ndiye aliyetuelekeza. "Kabla hamjanimaliza kwa maganda, piteni kwa Mama Uzi."

Gereji yake iko chini kabisa ya Mteremko. Ni mwanamke mrefu, ana njiti ya kiberiti mdomoni, na hana redio.

"Shikamoo," nilisema, kwa sauti ya panya.

"Marahaba, binti." Kisha kwa Baba: "Limegonga nini?"

Hakuuliza kama limegonga. Aliuliza nini.

"Halijagonga kitu."

"Haya." Akachukua chaki nene ya njano, ile ya kuandikia matairi, akaandika kwenye mlango wa mbele, herufi kubwa: HALIJAGONGA. Baba akashtuka. "Ndiyo desturi ya hapa," alisema Mama Uzi. "Maneno ya mwenye gari nayaandika kwenye gari lake. Nikiyathibitisha, nayafuta mwenyewe. Mvua haiyatoi, na wewe usiyatoe." Akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha akafunga uzi. Kutoka nyuma mpaka mbele, upande huu na upande ule, umenyooka pembeni mwa matairi kama kamba ya nguo. Akapima kwa rula, akarudia, akatuita.

"Tairi la kushoto limerudi nyuma vidole viwili kuliko mwenzake. Gari ambalo halijagonga haliwi hivi."

"Labda lilizaliwa hivyo," alisema Baba.

"Na likangoja miaka yote hii ndipo lianze kuvuta?"

Alitaka kulifungua pale pale. Baba akasema wiki ijayo, leo ana haraka. Mama Uzi akatoa njiti mdomoni.

"Sikiliza, mzee. Usishuke tena na mzigo mpaka nimelifungua. Kuna kitu hapo ndani kinajikaza tu. Siku kikiachia utazungusha usukani na tairi halitakufuata. Na mimi niko chini ya Mteremko. Wanaoachiwa na usukani, naletewa mimi."

Kurudi nyumbani nilikaa dirishani kwangu na neno lile nje ya mlango wangu. Watu walilisoma. Sikuhitaji kugeuka, nililisoma machoni mwao.

Jumapili, 20 Aprili

Mama: "Nani kaandika upuuzi huu?"
Baba: "Fundi."
Mama: "Sasa si kweli?"
Baba akaingia ndani. Mimi nilikwenda kulisha kuku waliokwisha kula.

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki ilipita, Baba hakulipeleka. Bekari wanangoja, alisema. Tumeshuka na trei zote. Tumefika.

Alhamisi, 1 Mei

Nimempigia Mjomba kwa simu ya Mama. Nikamwambia yote, na kona, na uzi. "Aah, mafundi hao," alisema. "Lile lilikuwa busu tu. Nyamaza, litapita." Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka kwamba simu haioni kichwa. Nikakata.

Mjomba ndiye mtu niliyempenda kuliko wote kwa sababu haniulizi maswali. Leo nimegundua sababu yenyewe: hataki majibu.

Ijumaa, 2 Mei

Kesho Mama hayupo, anakwenda kwa mama mdogo aliyejifungua. Kengele atakuja nasi.

Jumamosi, 3 Mei

Sasa nimekaa niandike. Ni saa kumi na moja jioni.

Tulianza Mteremko mvua ikiwa nyembamba, Kengele nyuma kabanwa kati ya mlango na trei. Kona ya kwanza, ya pili. Baada ya ya tatu barabara inanyooka kidogo, na pale, upande wetu wa kushoto, palikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wa magodoro. La juu lilikuwa jekundu. Niliuona kutoka mbali, nikangoja Baba asogee kulia.

Hakusogea.

Nikaangalia mikono yake. Wiki tano nimeisoma mikono hiyo kuliko kitabu chochote. Gari likivuta, wa kulia hukaza na mshipa hutokea juu ya kidole gumba. Mshipa haukuwepo. Mikono ilikuwa imelegea, ya mtu anayeendesha kwenye barabara tupu. Gari halikuwa linavuta. Baba ndiye aliyekuwa analipeleka.

"KULIA, BABA! KULIA!"

Sikujua kama nina sauti hiyo. Baba akazungusha usukani, na kwa nusu pumzi usukani ulizunguka peke yake, tairi likabaki linaangalia magodoro. Kisha kitu kikalia chini, kaa!, tukarukia kulia, tukasimama kwenye majani ng'ambo ya barabara. Trei zikateleza. Nikasikia mayai yakipasuka moja moja, bila haraka, hata baada ya sisi kusimama.

Mwenye mkokoteni alikuwa amekumbatia godoro. "Mzee!" alipiga kelele. "Hunioni? Godoro lote hili jekundu, hunioni?"

"Linavuta," alisema Baba. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Gari linavuta."

Nyuma yetu Kengele alisema neno moja tu: "Tena."

Kona nne zilizobaki Baba alizishuka kwa gia ya kwanza, mimi nikiwa nje, mbele ya gari, natembea na kuonyesha kwa mkono. Kengele nilimshika mkono mwingine. Nililowa mpaka mifupani, na njia nzima nilikuwa najiambia: tairi lile halikufuata kwa sababu yako. Ukingo wa zege, mstari uliouruka, kichwa kinachoitikia. Kama godoro lile lingekuwa mtu.

Mama Uzi alituona tunaingia. Akatazama mlango. HALIJAGONGA ilikuwa bado pale, ya njano, imelowa na kung'aa. Akamngojea Baba ashuke.

"Limegonga nini?"

Baba akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Mimi."

Wote wakageuka, hata vijana wake wawili waliokuwa chini ya lori. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza nisingeanza tena. "Mimi nililigongesha. Mwezi wa tatu, kabla ya mvua. Mjomba alinipa usukani uwanjani, nikagonga zege, mbele kulia. Nilikuwa najua siku zote. Kitabu kiliniambia niulize, nikaruka mstari. Baba hakujua chochote. Futa maneno yake hapo, andika yangu."

Mvua ilipiga mabati. Sikumtazama Baba.

Mama Uzi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Lililokuwa mbele kulia, sasa liko wapi?" Nikafikiri. Chapchap alilipeleka nyuma. "Nyuma, kulia." Akapiga jeki, akalizungusha tairi kwa kiganja na kuisogeza chaki karibu na ukingo wa rimu. Kila mzunguko chaki iligusa mahali pamoja tu. Tik. Tik. Tik.

"Hili hapa lako, binti. Rimu imepinda. Hili ndilo linalotetemesha, na ndilo linalokula mayai yenu." Akaifuta mikono, akaenda mbele kushoto, akalala chini, akawasha tochi. Alikaa huko muda. Alipotoka, hakuwa na njiti mdomoni.

"Mkono wa chini unaoshika tairi umepinda. Na kile kichuma kinachopokea amri ya usukani kina ufa, mwembamba kama unywele. Kingekatika leo au kesho." Akamtazama Baba. "Binti aligonga kulia. Hili ni la kushoto. Chuma hakihami, mzee. Hili la nani?"

Nilikuwa naanza kuelewa na sikutaka.

Kengele akavuta shati la Baba. "Baba, niseme sasa? Biskuti zimekwisha."

Baba alikaa chini kwenye tairi bovu. Alikaa taratibu, anapapasa kwanza kwa mkono.

"Ni lile jiwe la lango la bekari," alisema. "Limepakwa chokaa. Miaka yote liko pale pale. Sikuliona."

"Na mkokoteni?" nilimuuliza.

"Sikuuona, mwanangu. Nimekusikia wewe. Mkokoteni sikuuona."

Mama Uzi akavuta ndoo, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Tutafanya kama matairi," alisema. "Tunabadilisha upande, tuone kosa linabaki wapi. Ziba jicho la kushoto. Angalia pua yangu, usiangalie mkono." Akaisogeza chaki ya njano kutoka pembeni, huku na huku. Baba aliiona mara moja, pande zote. "Sasa ziba la kulia. Sema ukiiona."

Chaki ilitoka mbali, kushoto, ikaja. Ikapita bega. Ikapita sikio. Mimi niliiona, Kengele aliiona, vijana wa chini ya lori waliiona. Ilikuwa karibu kugusa pua ndipo Baba aliposema, "Sasa."

"Tangu lini?" Mama Uzi aliuliza kwa upole.

"Kabla ya mvua. Nilidhani tochi ya mayai imefifia. Nikabadilisha betri mara tatu."

Macho yako bado mapya. Kumbe ndiyo ilikuwa maana yake, na mimi nilivimba kichwa.

Mama Uzi akasimama, akatafuta kitambaa, akakilowesha kwenye kopo la petroli, akaufuta mlango mwenyewe, herufi moja moja. Kisha akaenda kumsimamisha mwenye mkokoteni, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika chini, akamwomba azipeleke bekari trei zilizobaki nzima. Yule bwana alimtazama Baba, akatazama mayai. "Haya, panga juu ya godoro," alisema. "Angalau mayai yananiona." Baba alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kinavuja, lakini alicheka.

Sisi tulirudi kwa basi. Baba alikaa dirishani, mimi kushoto kwake.

Jumapili, 4 Mei

Tulimwambia Mama tukiwa wote watatu tumejipanga sebuleni kama washtakiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nyumba nzima mlijua," alisema, "isipokuwa mimi na kuku."

Akaingia bandani. Hakutoka mpaka chakula cha jioni, nacho tulikipika sisi.

Jumatano, 7 Mei

Daktari wa macho alimweka Baba mbele ya mashine saa nzima. Ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha kupotea kushoto hairudi. Iliyobaki inaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Kuendesha, hapana.

Baba aliuliza, "Hata polepole?" Mama akamshika goti.

Karatasi ya dawa imeandikwa kwa ile lugha nyingine. Nilimsomea njiani. Mstari wa kwanza, wa pili, na ule wa tatu unaosema kitakachotokea akiacha. Sikuruka hata mmoja.

Jumamosi, 17 Mei

Mama Uzi alilileta gari mwenyewe. Rimu mpya, mkono mpya, kichuma kipya. Uzi umekaa sawa. Amesema kwenye tambarare aliachia usukani kwa mpigo wa moyo mmoja, na gari likaenda kama lilivyoambiwa. Sasa limekaa uani limepona, halina dereva. Mayai yameshuka na mwenye mkokoteni.

Jumanne, 20 Mei

Mwalimu aliuliza, nikajibu. Nilikosea. Nikajibu tena.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekata. Mama amejiandikisha shule ya udereva, amefika somo la nne, na leo alisema anataka kujizoeza mahali pasipo na watu. Nikamwambia napajua.

Basi tulikwenda uwanjani, nyuma ya maghala. Mama kwenye usukani, kitambaa kichwani amekikaza kama anakwenda vitani. Baba kwenye kiti changu. Mimi na Kengele nyuma, mahali pa trei.

"Polepole," alisema Baba. "Usiangalie usikotaka kwenda. Angalia unakotaka kwenda."

"Nyamaza, naangalia."

Kengele akaninong'oneza, "Dada, ile zege iko wapi?" Nikamwonyesha. Akaionyesha kwa kidole na sauti kubwa, kwa kuwa sasa anaruhusiwa: "Mama, usigonge ile pale!"

Mama akaitazama. Nilijua hapo hapo kwamba kwisha. Aliikazia macho, sote tukapiga kelele kulia, kulia, na gari letu lililonyooka kama uzi likaenda moja kwa moja, taratibu sana, likaugusa ukingo kwa tairi la mbele. Gu.

Vumbi kidogo. Baba akamgeukia Mama, kichwa chote, kwa jicho lake zima.

Mama alikuwa bado hajazima hata injini.

"Nimegonga," alisema.